Mume wangu na mashine yake ya gemu wananimalizia bando

Shangazi, shikamoo. Naishi Tabata, Dar es Salaam, na mume wangu na mtoto wetu wa miaka 7. Mwaka jana mume wangu aliacha kulipia king'amuzi, akanunua PlayStation 4 iliyotumika kule Kariakoo, akasema tutatazamia Netflix na YouTube humo humo, na yeye atacheza gemu zake za mpira. Tangu hapo bando la mwezi halifiki mwisho wa mwezi na umeme wa LUKU unakwisha upesi. Hata mwezi uliopita, alipokuwa Dodoma kikazi kwa wiki mbili, bando liliisha tarehe 17, nikabaki mpweke, na faraja yangu ilikuwa tamthilia mbili za Kikorea nilizokuwa nimekwisha kuzimaliza. Ukurasa wake wa Netflix ameufunga kwa namba, jambo linaloniambia kwamba ana siri, na nikimuuliza anasema ni kwa ajili ya mtoto. Mama mkwe, aliyekuja kutoka Tanga kwa matibabu, anasema nyumba yangu hailali, runinga inaunguruma mpaka saa nane usiku hata mwanawe akiwa safarini, nami naliona ni tusi. Nataka kurudi kwetu mpaka mashine hiyo iuzwe. Nishauri. Aliyechoka.

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa upweke wa hizo wiki mbili, na pole kwa kumuuguza mama mkwe huku unalea, maana kazi hiyo si ndogo na naona hakuna aliyekushukuru. Baada ya kukupa pole hiyo, sina budi kukuambia kwamba nimeisoma barua yako mara kadhaa, na kila nilipoisoma nilimwona mumeo akipungukiwa na makosa na wewe ukiongezewa.

Tuanze na bando, kwa kuwa ndilo ulilolipa kichwa cha malalamiko yako. Mtu aliyeko Dodoma hawezi kumaliza bando la ruta iliyoko Tabata. Mumeo hakuwepo, mashine yake ya gemu haikuwa na mchezaji, na bado bando lilikufa tarehe 17. Halafu wewe mwenyewe, kwa mkono wako, umeandika kwamba ulikuwa umemaliza tamthilia mbili. Tamthilia ya Kikorea kwa kawaida huwa na vipindi 16 hivi, kila kimoja kikikaribia saa nzima, na Netflix wenyewe wanaeleza kwamba picha ya HD hula hadi GB 3 kwa saa moja. Tamthilia moja, basi, yaweza kufika GB 48, na mbili zikakaribia GB 96. Gemu ya mpira inayochezwa mtandaoni hutumia MB chache kwa saa ukiilinganisha na filamu, kwa sababu picha zote zimekwisha kuhifadhiwa ndani ya mashine na kinachosafiri ni taarifa za mchezo tu; gemu hula bando sana pale inapopakuliwa mara ya kwanza au inapoletewa masasisho. Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu, na safari hii nguo ni yako mwenyewe.

Kuhusu umeme nitakupa haki yako, kwa kuwa hapo una hoja. PlayStation 4 ikionyesha filamu huvuta makumi ya wati, ilhali vile vijiti vidogo vinavyochomekwa nyuma ya runinga kwa kazi hiyo hiyo huvuta wati chache tu. Tena ukiiacha mashine katika hali ya kupumzika badala ya kuizima kabisa, inaendelea kunywa umeme usiku kucha, ingawa kidogo. Kama nyumba yenu inatumia mashine hiyo zaidi kwa filamu kuliko gemu, mwambie mumeo mnunue kijiti kwa ajili ya filamu na PlayStation iwashwe kwa gemu peke yake. Hilo ni ombi la mke mwenye akili, na sidhani kwamba atalikataa. Lakini LUKU inayokwisha mwenye gemu akiwa safarini inahesabiwa kwa yule aliyekuwa ameshika pedi ya kuiendeshea mashine.

Sasa nije kwenye namba ya siri, mahali ambapo umenisikitisha zaidi. Umesema inakuambia kwamba mumeo ana siri, na papo hapo ukaandika kwamba yeye alikwambia ni kwa ajili ya mtoto. Kwa nini hukumwamini? Akaunti moja ya Netflix inaruhusu kurasa hadi 5, kila mtu na wake, na ukurasa wa mtu mzima unaweza kufungwa kwa namba ili mtoto abaki kwenye ukurasa wake wenye filamu za umri wake. Mtoto wa miaka 7 anayejua kushika pedi anajua pia kuhama kutoka katuni hadi filamu ya kuchinjana, na baba aliyeliona hilo akafunga mlango amefanya kazi ya baba. Swali langu kwako ni hili: ukurasa wako wewe umefungwa? Barua yako haisemi, na nahofia kwamba uko wazi.

Hapa nitatoka kidogo, kwa kuwa barua za namna hii sasa zinanijia nyingi. Ndoa za siku hizi zimezoea kutafuta mshitakiwa asiye na mdomo. Zamani ilikuwa baraza la bao, ikaja simu, na sasa ni mashine ya gemu. Watu wawili waliolala kitanda kimoja wanapita wiki nzima bila kuulizana usiku ulikuwaje, kisha wanaelekeza kidole kwenye kifaa kilichonunuliwa dukani. Kijana anayecheza mpira sebuleni kwake saa nne usiku yuko nyumbani, mke anamwona, mama yake anamsikia. Mimi nimesoma barua za wanawake wasiojua waume zao wako wapi saa hiyo, na nakuomba uitambue tofauti hiyo kabla ya kumfukuza wako kwa kelele.

Mama mkwe amesema nyumba hailali, ukalichukua kama tusi. Mgonjwa aliyelala chumba cha pili anasikia runinga ikiunguruma mpaka saa nane usiku, mwanawe akiwa Dodoma. Ulitaka aseme nini? Tena mzee huyo ndiye aliyepoteza kuliko wote siku king'amuzi kilipokatwa. Huenda alizoea kubonyeza kitufe kimoja cha rimoti akapata taarifa ya habari ya saa mbili usiku, na sasa amepewa pedi yenye vitufe vya kila aina na kurasa asizoweza kuzisoma. Katika hili mumeo amekosa, naye nitamwambia kama atanisoma: king'amuzi kinapokea matangazo kutoka kwenye dishi au antena bila kugusa bando, na kukikata huku mama yako yumo ndani ni uzembe. Mkilipie tena, hata kifurushi cha chini kabisa.

Fanya hivi wiki hii. Ingia kwenye akaunti ya Netflix kwa kivinjari cha simu, nenda kwenye mipangilio ya matumizi ya data ya ukurasa wako, uchague kiwango cha kati, ambacho hula takriban GB 0.7 kwa saa. Picha itafifia kidogo, lakini hadithi ni ile ile. Hapo hapo zima ule utaratibu wa kipindi kinachofuata kujianzisha chenyewe, kwa kuwa ndio unaokufikisha saa nane usiku bila kukusudia. Ukurasa wako nao uufunge kwa namba, na namba hiyo umpe mumeo, naye umwombe ya kwake. Kisha mweleze, kabla hajaiona mwenyewe kwenye orodha ya vilivyotazamwa, kwamba bando la mwezi uliopita ulilimaliza wewe.

Habari ya kurudi kwenu iondoe kabisa. Mama yako atakuuliza mumeo amekosa nini hata ukamwacha mgonjwa na mtoto, na kwa barua hii uliyoniandikia huna jibu la kumpa.