Shangazi, baba anaandika majina usiku

"Shangazi, shikamoo. Baba ana miaka 84. Mwaka 1978 alikuwa mkuu wa wilaya, akawaaga mgambo wetu waliokwenda kumpiga Idi Amin. Sasa ana saratani ya tezi dume, imeshafika kwenye mifupa. Kaka zangu hawataki aambiwe. Usiku anaandika kwenye kaunta buku. Nimelisoma kwa siri: majina ya vijana, na mbele ya mengine, 'nilimpandisha lori mimi'. Anaogopa kufa kabla hajawajibu. Nifanyeje? – Kitinda Mimba, Musoma"

Marahaba, mwanangu. Barua yako imeninyima usingizi.

Wewe umezaliwa baadaye. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia Kagera, yakaua raia, yakaswaga ng'ombe wao, na mwanzoni mwa Novemba yakabomoa daraja la Kyaka. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Redioni yalikuwa maneno. Huko wilayani yalikuwa orodha, na orodha ile ilikuwa mkononi mwa baba yako, mama wa vijana wakimtazama usoni. Kampala ilipoanguka, Aprili 1979, tulipiga vigelegele. Baadhi ya vijana wakawa wamelala kwenye makaburi ya mashujaa ya Kaboya, kule Muleba. Siku ile baba yako alikuwa kiongozi, na kiongozi nani angemwacha alie?

Kwa hiyo usimwambie "mzee, hayo yamepita, vita ilikuwa ya haki." Ilikuwa ya haki, naamini hivyo mpaka leo, na yeye anajua kukuzidi. Lakini haki hiyo haikumrudishia mama yeyote mwanawe, na hapo ndipo kalamu yake inapokwama.

Kaka zako wanakosea, na nalisema kwa uchungu kwa sababu nasi tulimficha baba yangu mdogo hivyo hivyo. Alikuwa akituuliza kwa macho, sisi tunamsifia rangi ya uso. Akafa peke yake, sote tukiwa chumbani. Mwalimu alipolazwa London mwaka 1999, nchi nzima ilikuwa ikifuatilia hali yake redioni hadi tarehe 14 Oktoba. Iweje baba yako anyimwe habari za mwili wake mwenyewe? Anayehesabu marehemu usiku wa manane ameshahisi. Mwombeni daktari wake amweleze, mmoja wenu akiwa amekaa kando yake. Ulizieni pia tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa mateso, na mofini ya maji, dawa ya maumivu makali. Maumivu ya mifupa si ya kuvumilia kiume, na yakitulia huenda hata usiku ukapungua ukali.

Daftari lile usilifungue tena kwa siri. Mwambie umelisoma, umwombe radhi, na akikasirika umwache akasirike. Kesho yake mpelekee chai, umwulize kuhusu jina moja tu: huyu alikuwa mtoto wa nani? Usimkimbize. Familia za vijana wale zipo, wengine ni majirani zenu. Akisema anataka kuwaona, ita bajaji umpeleke hata kama anatembelea mkongojo. Na akitaka Kaboya, daktari akiruhusu, kaka zako wachange nauli badala ya kuchangia mazishi mapema.

Niandikie akishakutajia jina la kwanza.