Mac au Windows: anza na kazi yako

Ndugu, umeuliza kama Mac inastahili bei yake, na kama kweli inadumu kuliko laptop ya Windows. Anza na programu unazotumia. Ikiwa ile ya uhasibu au ya kuchora ramani za majengo inafanya kazi kwenye Windows pekee, shauri limekwisha: nunua Windows.

Kama kazi zako ni kuandika, intaneti na kuhariri video, mimi ningechukua MacBook Air. Tangu Apple walipoingiza chipu yao ya M1 mwaka 2020, mashine hiyo haina hata feni, betri yake inakaa sana, na ukija kuiuza bei haijaporomoka. Kinachoniudhi ni kwamba memori ya kufanyia kazi (RAM) huwezi kuiongeza baadaye. Kwa hiyo chukua GB 16 tangu mwanzo, hata ikibidi usubiri kidogo.

Wengi hulinganisha Mac na laptop ya Windows ya bei ya chini kabisa, kisha wanasema Windows ni mbovu. Si haki. Ilinganishe na ThinkPad T ya kampuni ya Lenovo au mashine nyingine za maofisini. Nyingi unaweza kuzifungua na kubadilisha SSD (diski ya kuhifadhia mafaili), na hilo huongeza maisha yake.

Ukinunua iliyotumika, hakikisha inakubali Windows 11, kwa sababu msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Kama haikubali lakini bado ni nzima, iwekee Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows.