Sindano moja tu ya pepopunda mimba hii, mtoto ana kinga?

Mkuu, umeuliza kwa nini mkeo kachomwa sindano moja tu ya pepopunda mimba hii wakati jirani yake kachomwa mbili. Kabla hujamlaumu nesi, tafuta kadi yake ya mimba iliyopita.

Nilikaa miaka kadhaa kliniki ya mama na mtoto, zahanati moja ya kijijini huku Dodoma. Tulikuwa tunahesabu wajawazito waliochomwa dozi ya pili na kuendelea, basi kila ripoti tunaonekana wazembe. Siku moja akaja mama wa mtoto wa sita, kadi zake zote kazifunga kwenye nailoni. Dozi 5 kamili. Huyo hachomwi tena, kinga yake inatosha umri wote wa kuzaa, ila kwenye hesabu yetu hakuwemo! Nyuma yake yupo ambaye kadi yake imeliwa na mchwa. Huyo tunamwanza upya, anaandikwa dozi ya kwanza, naye hahesabiwi hata kama alishachomwa tatu huko nyuma.

Dozi zinajumlishwa maisha yote, si mimba kwa mimba. Ya pili huchomwa angalau wiki 4 baada ya ya kwanza, ya tatu baada ya miezi 6, ya nne na ya tano kila moja baada ya mwaka. Ya pili inalinda kama miaka 3, ya tatu 5, ya nne 10. Kwa hiyo kama hiyo moja ya mkeo ni ya tatu au ya nne, yuko vizuri. Kama ndiyo ya kwanza kabisa, bado. Na ya pili iwe imeingia angalau wiki 2 kabla ya kujifungua, maana kinga inatengenezwa na mwili wa mama ndipo ivuke kondo kwenda kwa mtoto. Kuchomwa leo na kuzaa keshokutwa hakumsaidii huyu wa sasa.

Kipimo kilichotufungua macho ni kumuuliza mama, mtoto anapoletwa penta ya kwanza (chanjo ya watoto ya magonjwa matano), wiki ya 6: huyu alizaliwa ana kinga? Unasoma kadi, kadi hakuna unamhoji taratibu, kwa sababu wengi wanaichanganya na sindano ya uzazi wa mpango. Jibu likiwa hapana, unamchoma mama palepale kwa ajili ya mimba ijayo.

Kina kasoro yake, na mimi ndiyo iliyokuwa ikininyima usingizi. Kinamhesabu aliyefika. Mchanga aliyenyonya vizuri siku mbili za mwanzo, kisha akashindwa kunyonya, akakakamaa na kufia kitongojini, haletwi penta. Tanzania ilithibitishwa mwaka 2012 kuwa imetokomeza pepopunda ya uzazi na ya wachanga, lakini maana yake ni chini ya mgonjwa 1 kwa kila vizazi hai 1,000 katika kila wilaya. Vimelea bado viko kwenye udongo na samadi, na sisi huku zizi liko mlangoni. Kwa hiyo mama mkwe akitaka kupaka kitovu jivu au kinyesi cha ng'ombe, mkatalie kwa adabu.

Ukiipata hiyo kadi, weka hapa tarehe za sindano tu, jina liache, tuhesabu.