PCB au CBG kwa anayetaka udaktari

Dada wa Chake Chake, kijana wako ana B ya Kemia na Baiolojia, C ya Fizikia na Jiografia, anataka udaktari, nawe kwa kidato cha tano unamvutia CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia) kwa kuwa ni nyepesi. Mwache achukue PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia). Shahada ya udaktari, hata hapa SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, inataka Fizikia, Kemia na Baiolojia zote. CBG haina Fizikia, basi mlango umefungwa. Hisabati? Atasoma BAM tu, hisabati ya msingi ya ziada.

Kabla ya kuthibitisha chaguo, nendeni skuli yenyewe mkaangalie maabara. Alama za Kemia ya vitendo hupotea kwenye bureti, bomba la kupimia ujazo wa kimiminika: jicho likiwa juu ya usawa wa maji badala ya kulingana na sehemu ya chini kabisa ya mkunjo wake, ujazo unakosewa, na hesabu zote zinazofuata zinaharibika. Mkono huo haupatikani kwa madaftari.