Mafuta ya kumi na kibarua cha langoni

Ndugu, umeuliza inakuwaje mtu afanye kazi Industrial Area, eneo la viwanda la Nairobi, kila siku, miaka mitano, na bado alale kwenye mabanda ya mabati ya Mukuru, kama si ulevi. Mimi sinywi, na nimeishi Kwa Reuben, humo humo Mukuru, miaka saba.

Kwanza hiyo "kila siku" haipo. Saa kumi na mbili kasoro asubuhi mko langoni karibu mia, supavaiza anatoka na daftari, ananyoosha kidole: wewe, wewe, na wewe mwenye kofia. Wengine mnarudi kwa miguu kama mlivyokuja. Mwaka 2019 nililipwa shilingi 450 kwa siku kwenye kiwanda cha plastiki. Mwezi mzuri ulikuwa wa siku kumi na saba, yaani 7,650, na wakati huo kima cha chini cha kibarua wa kawaida Nairobi kilikuwa 13,572.90 kwa mwezi. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema ukifanya kazi mfululizo hadi siku zitimie mwezi, wewe si kibarua wa kutwa tena. Ulipwe kwa mwezi, na ukiachishwa upewe notisi. Supavaiza anaijua sheria hiyo kuliko wakili. Ikifika wiki ya tatu, kabla mwezi haujatimia, anakwambia, "Pumzika kidogo, tutakuita."

Sasa pesa inayoingia kidogo kidogo hutoka vivyo hivyo, na kwa bei ya juu. Mafuta ya kupikia tunanunua ya kupima, ya shilingi kumi. Siku moja niliyapima kwa chupa ya dawa ya mtoto: mililita 40. Piga hesabu, ni 250 kwa lita, na supamaketi lita ilikuwa 180. Mama wa duka hakuniibia, naye ana kodi yake. Lakini 180 ningeitoa wapi jioni moja, mkononi nina 450, 100 ni deni la huyo huyo mama, unga bado, maji ya mtungi bado, na jirani ameshapigiwa kufuli na mwenye ploti kwa sababu ya kodi?

Akiba niliweka. Chama chetu, cha kuchangiana pesa kwa zamu, kilikuwa cha watu kumi, kila mtu 200 kila wiki. Zamu yangu ya 2,000 ilifika wiki ile ile niliyoambiwa nipumzike. Ililipa kodi.