Ukienda fildi kwenye mbogamboga, andika unachokiona kwanza

"Mwanangu, dawa imekataa." Ndivyo alivyonipokea mama mmoja mwenye shamba la nyanya Mlali, mkoani Morogoro, wiki yangu ya pili ya mafunzo kwa vitendo. Nyanya zake zilikuwa zinanyauka mchana ilhali majani bado ya kijani. Wiki iliyotangulia mimi ndiye niliyesimama pembeni ya shamba nikaandika "ukungu". Aliniamini, akanunua dawa.

Safari hii tulikata kipande cha shina karibu na ardhi, tukakining'iniza ndani ya glasi ya maji safi bila kukitikisa. Dakika chache tu, uzi mweupe kama maziwa ukaanza kuteremka kutoka kwenye shina. Huo ni mnyauko bakteria, na dawa ya ukungu haiufanyi kitu. Mmea unang'olewa na mizizi yake, na eneo lile halipandwi tena nyanya, bilinganya, pilipili wala viazi mviringo kwa misimu kadhaa. Hela ya yule mama inaniuma mpaka leo.

Ndiyo maana nawasihi wadogo zangu mnaokwenda fildi: jina la ugonjwa lije mwisho. Andika "madoa ya kahawia yenye miduara ndani ya miduara, majani ya chini", na msimamizi wako ataitambua bakajani tangulia hata akiwa ofisini. Bakajani chelewa ina tabia nyingine: asubuhi yenye unyevu, geuza jani, utaona utando mweupe kuzunguka doa. Jua likikolea huuoni tena, kwa hiyo wahi. Inzi weupe nao asubuhi ni wazito kuruka, wanahesabika.

Kantangaze, nondo mdogo anayeshambulia nyanya, aliyeingia Tanzania miaka ya 2010, wengi humchanganya na nzi wa vidomozi. Inua jani ulielekeze kwenye mwanga. Nzi wa vidomozi huacha mstari mwembamba unaojipinda. Kiwavi wa kantangaze hula katikati ya jani, akaacha baka pana linalopitisha mwanga, lenye kinyesi cheusi ndani. Mtego wake wa harufu unanasa madume tu, kwa hiyo usiugeuze kuwa kipimo cha hasara.

Katika kuhesabu, macho hukimbilia mmea uliochakaa. Mimi nilikuwa napita shamba kwa umbo la W, na kila baada ya hatua kumi nakagua mmea ulio karibu na mguu wa kulia, hata kama ni msafi. Msafi unaandikiwa sufuri. Anza na shamba changa, malizia lenye ugonjwa, na nawa mikono kwa sabuni.

Kabla hujaondoka, msomee mwenye shamba ulichoandika. Nilipomsomea yule mama, alinionyesha kwamba miche ya kwanza kunyauka ilikuwa pale maji ya mfereji yanapoingilia. Katika daftari langu, mfereji haukuwa na hata mstari mmoja.