Sanamu nyeupe ya Kigiriki: buluu iliyofutika huonekanaje?

Swali: Nasoma kwamba sanamu za Wagiriki wa kale zilipakwa rangi, lakini pichani naziona nyeupe tupu. Mtaalamu hujuaje kwamba mahali fulani palikuwa na buluu? Kamera ya kawaida inafaa?

Jibu: Inafaa, ila ifanyiwe marekebisho. Wagiriki walitumia sana buluu ya Kimisri, iliyopatikana kwa kuchoma pamoja mchanga, chokaa, shaba na magadi kidogo, kwenye joto la nyuzi 850 hadi 1,000 za Selsiasi. Ukiimulika kwa mwanga wa kawaida, hutoa miale ya infraredi ya nanomita 910 hivi. Jicho haliioni, kamera huiona.

Fundi aondoe kioo kinachozuia infraredi mbele ya kihisi cha kamera. Kwenye lenzi funga kichujio kinachopitisha miale ya kuanzia nanomita 830 tu. Tia chumba giza, simamisha kamera kwenye stendi, kisha mulika kwa taa za LED. Marumaru itabaki nyeusi, na chembe za buluu zitang'aa nyeupe, hata ile moja iliyojibanza ndani ya mkunjo wa vazi. Kwa njia hiyo Giovanni Verri wa British Museum aliipata buluu kwenye mkanda wa Iris, mojawapo ya sanamu za Parthenon, hekalu la kale la Athene. Habari hizo zilitoka mwaka 2009.

Wengi hukosea kwenye taa. Jua na balbu za waya zina infraredi zenyewe, kwa hiyo sanamu nzima hung'aa ukadhani ilipakwa buluu mwili mzima. Weka kibao cheupe kando yake. Kikitokea cheupe pichani badala ya cheusi, mwanga unavuja.

Pasipong'aa usikimbilie kusema hapakuwa na buluu. Sanamu za karne ya 6 KK mara nyingi zilipakwa azuraiti, jiwe la shaba lililosagwa, nayo haing'ai hivyo; tena hugeuka kijani kadiri miaka inavyopita. Hapo tumia kipimo cha eksirei kinachotambua elementi: shaba ikijitokeza, una dalili. Kwa nyekundu, zebaki huashiria sinabari. Chuma huashiria udongo mwekundu, lakini sanamu iliyofukiwa ina chuma cha ardhini pia, kwa hiyo pima na sehemu isiyo na rangi ulinganishe.

Na tafadhali, usiioshe kabla ya kupima. Miaka ya 1937 na 1938 baadhi ya sanamu za Parthenon zilikwanguliwa kwa vyombo vya shaba zipate weupe, na kilichoondoka na uso ule hakuna kamera ya kukirudisha.